Eda Isiyo na Tarehe

Kutoka Muheza hadi Tanga mjini si safari ya kufungiwa chakula. Ni kama kilomita 35 tu, na basi dogo likijaa mapema abiria hufika kabla jua halijawa kali. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule za msingi, ameikata njia hiyo mara zisizo na idadi: kufuata mshahara, kumpeleka mgonjwa Bombo, kuhudhuria maziko, kuposa. Hakuwahi kuikata kwa ajili ya vita. Asubuhi ya tarehe 4 Novemba, mvua ya vuli ikiwa imenyesha usiku kucha na soko la Muheza likinukia maganda ya machungwa, alipanda gari pamoja na mjukuu wake, binti wa sekondari, ambaye siku chache nyuma alikuwa amemuuliza swali akakosa jibu.

"Babu, katika vita ile ya mwaka 1914, sisi tulikuwa upande gani?"

Mtu aliyefundisha kwa miaka 34 hakosi maneno. Alieleza habari za Wadachi, akaeleza habari za Waingereza, akataja reli na mkonge. Binti alisubiri amalize, kisha akauliza tena lile lile. Ndipo mzee aliposema, "Tarehe nne twende tukapaone."

Kati ya Muheza na Pongwe gari hupita Ngomeni. Jina lina ngome ndani yake, lakini abiria atazamaye dirishani haoni ukuta wala mnara. Huona mkonge, migomba ya watu, na reli inayokwenda sambamba na barabara kisha ikapotea majanini. Binti aliuliza ngome yenyewe iko wapi. Utingo, kijana asiyependa swali lipotee bure, akamjibu kuwa ngome ni wao waliobaki bila kuhama. Watu wakacheka, na mzee naye akacheka, ingawa macho yake yalikuwa yakiifuata reli.

Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, na hatimaye Moshi mwaka 1911. Waliojenga walidhani wanajenga njia ya kuteremshia kahawa na katani hadi pwani. Lakini katika siku zile za mwanzo wa Novemba 1914 iliteremsha kitu kingine: makombania ya askari yaliyopakiwa kutoka Moshi, yakapita Korogwe, yakapita Muheza gizani, yakashuka karibu na Tanga pambazuko la tarehe 4. Bibi yake mzee, mzaa baba, aliyakumbuka magari hayo. Alikuwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni, na alikuwa akisema kuwa usiku ule ardhi ya Muheza ilitetemeka kama kinu kinachotwangwa na wanawake watatu.

Mumewe hakuwa nyumbani. Alikuwa amekwisha kuchukuliwa na Wadachi tangu vita ilipotangazwa, awe mpagazi. Alirudi baada ya miezi kadhaa amekonda, akalima msimu mmoja na nusu. Kisha mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilipoteremka kwa kufuata reli na mto Pangani, na Tanga yenyewe ikatwaliwa mwezi Julai bila ya pigano kubwa, naye alichukuliwa tena, safari hii na wale waliowafukuza wale wa kwanza. Mgongo ni ule ule, na sanduku halikubadilika sana. Msafara ulishika njia ya Handeni. Habari yake ya mwisho aliileta jirani aliyetoroka: kwamba alimwona amekaa chini ya mti, miguu imevimba, akimwambia nenda tu, mimi nakuja.

Hapo ndipo ilipo kero ya nyumba hiyo, na haikwisha kwa miaka zaidi ya 100. Mke aliyefiwa hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Lakini eda huanza kwa kifo, na kifo kisichothibiti hakina siku ya kwanza. Kaka zake walimshauri aende kwa kadhi, mume ahukumiwe kuwa amepotea, naye apate kuolewa. Hakwenda. Alinunua shuka la bafta nyeupe kwa ajili ya kukalia eda, akaliweka kashani, akangoja ajaye na habari. Wachumba walikuja wakarudi. Shuka lile halikuvaliwa. Alipofariki, mjukuu wake akiwa kijana wa miaka kumi na minane, wanawake walilitoa kashani wakalichanganya na sanda yake mwenyewe. Na kila mwaka ukoo husoma hitima ya yule mume, lakini kwa tarehe ya kubuni, kila mara wakikisia mwezi. Mara Shaabani, mara Mfunguo Sita. Mzee alitaka, kabla ya siku zake kwisha, aipate tarehe, au kaburi, au walau ukuta wenye jina.

Wenyeji wana msemo juu ya mji wao: Tanga, waja leo waondoka leo. Wanaosema hivyo husifu ukarimu wa mji, kwamba mgeni akionja hataki kuondoka, ijapokuwa wengine huutafsiri vinginevyo. Waingereza wa mwaka 1914 waliutimiza kwa namna yao. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitia nanga, nahodha wake, Caulfeild, akamtaka mtawala wa Kijerumani, Dakta Auracher, ausalimishe mji kwa muda wa saa moja. Auracher aliomba kwenda kushauriana. Hakurudi; alikwenda kuvaa sare yake ya kijeshi. Nyuma ya Fox kulikuwa na meli za mizigo zilizobeba watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Aitken: askari wa Kiingereza wa Lancashire Kaskazini, na vikosi vya Kihindi vya kila namna, wengine hodari kama wale wa Kashmir, wengine waliokuwa hawajawahi kupiga risasi katika vita vya kweli. Walikuwa wamekaa baharini majuma mengi. Wakati nahodha alipokuwa akihofia mabomu ya kutegwa bandarini na kuyasaka yasiyokuwako, reli ilikuwa kazini.

Walishukia Ras Kasone. Leo Ras Kasone ni mahali pa nyumba nzuri, hoteli na watu wanaokwenda kuogelea jioni. Hakuna uzio wala kibao cha kumwambia mgeni kuwa akanyagapo paliwahi kumwagika damu, na huenda ni afadhali, kwa kuwa watoto wanacheza. Mzee na mjukuu wake walisimama ukingoni mahali ambapo mikoko huonekana chini, maji yakiwa yametoka na matope yanang'aa. Binti alitaka kujua watu elfu nane walipandaje pale usiku. Mzee akamwonyesha mteremko kwa mkongojo, na kwa muda mfupi akawa tena mwalimu: tarehe 3 kikosi cha kwanza kilijaribu kuuingia mji kikarudishwa; tarehe 4, baada ya adhuhuri, jeshi zima lilitembea kuelekea mjini kupitia minazi, mashamba na vichaka vilivyofungana hata mtu asimwone jirani yake wa kulia. Ng'ambo ya pili, nyuma ya mtaro wa reli, walikuwako wapatao 1,000, wengi wao Waafrika, chini ya Lettow-Vorbeck. Usiku wake kamanda huyo aliizunguka Tanga kwa baiskeli, akaona mji hauna adui. Watu wa Tanga, ambao mji wao umejaa baiskeli mpaka leo, wanayo haki ya kutabasamu kwa habari hiyo.

Kisha nyuki. Kila asimuliaye vita ya Tanga hufika kwa nyuki, na Waingereza wenyewe waliipa vita hiyo jina lao. Risasi zilipasua mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka na ghadhabu yao, wakawauma watu wa pande zote mbili. Gazetini huko Ulaya ilisemwa kwamba Wajerumani waliwatega kwa kamba. Hakuna aliyewatega. Wenye lugha hii wangeweza kuwaeleza waandishi wale kwa neno moja, kwa maana kwetu mzinga ni wa nyuki na mzinga ni wa vita, na siku hiyo Tanga ililia mizinga ya aina zote mbili. Huyo binti alikuwa wa kwanza kulitambua neno lile likicheza, akacheka peke yake pale ukingoni, na babu yake akamtazama kwa furaha ya mtu aliyeona mbegu imeota.

"Ile mizinga ya nyuki ilikuwa ya nani, Babu?"

Swali hilo vitabu hamna. Vina majina ya vikosi, ya majemadari, hata ya hoteli ambayo Wakashmir na Walancashire waliifikia mjini kabla ya kurudishwa. Mwenye mizinga, aliyepanda mti na kamba akitarajia asali ya mwisho wa mwaka, hana habari yoyote.

Jioni ile Waingereza walirudi nyuma hadi ufuoni, na tarehe 5 walipanda meli zao. Walikuwa na hasara ya watu zaidi ya 800, waliouawa na waliojeruhiwa. Waliacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16, na risasi zaidi ya nusu milioni, ambazo zilimlisha Lettow-Vorbeck kwa muda mrefu. Upande wa pili alikufa, miongoni mwa wengine, Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Mtu huyo ndiye aliyevunja ngome ya Isike kule Unyanyembe mwaka 1893 na kupigana na Mkwawa, kisha akaja kuwa bwana shamba katika milima ya Usambara. Jina lake la Kiswahili lingali linaitwa huko milimani. Mzee alilisema hilo kwa sauti ya chini, pasipo uchungu, kama mtu anayehesabu.

Lakini risasi hizo nusu milioni, nani alizibeba kutoka ufuoni? Na zile zilizotumiwa Jasini?

Jasini mzee anaijua. Katika miaka ya 1980 alipelekwa kufundisha upande ule wa kaskazini, siku ambazo nchi yote mpaka kwenye mpaka wa Kenya ilikuwa Wilaya ya Muheza, Mkinga haijamegwa kuwa wilaya yake. Hapo, penye mashamba ya mkonge karibu na mto Umba, Waingereza walikuwa wamejenga boma la mpakani na kuliweka askari wa Kihindi. Tarehe 18 Januari 1915 Lettow-Vorbeck alilizunguka kwa makombania tisa. Kanali Raghbir Singh wa Kashmir aliuawa ndani yake. Walinzi wakaishiwa risasi, na siku ya pili wakanyanyua bendera nyeupe. Mjerumani aliwaita maofisa wawili wa Kiingereza waliotekwa, akawasifu, akawarudishia panga zao, akawaachia waende kwa ahadi ya kutopigana tena. Lakini alikuwa amepoteza maofisa wake wengi, na risasi 200,000 zimeteketea kwa siku mbili, na hapo ndipo alipoapa kutopigana tena vita vya namna ile. Kuanzia hapo vikawa vita vya kutembea, na vita vya kutembea ni vita vya wapagazi.

Uungwana wa panga kurudishwa umeandikwa sana. Hapana ubaya kuuandika. Ila mwalimu yule, alipokuwa Jasini, alikuwa akienda jioni mkongeni na kujiuliza kama sanduku moja kati ya yale lilipita juu ya kichwa anachokijua.

"Kwa hiyo upande wetu," alimwambia mjukuu, "ulikuwa upande wa mzigo."

"Huo si upande, Babu. Hiyo ni kazi."

Hakumjibu. Walikwenda kunywa madafu chini ya mwarobaini, na hapo mazungumzo yakageukia mashairi, kama ilivyo ada ya mzee huyo anapozidiwa. Alimkumbusha kuwa Tanga ni nchi ya tenzi. Hemed bin Abdallah al-Buhriy aliitungia utenzi vita ya Wadachi walipoitamalaki Mrima, mwaka 1307 wa Hijria, na kwa hivyo Abushiri na wenziwe wanayo mahali pa kukaa hata kama Pangani isingekuwapo. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini ya mji huu, tarehe 1 Januari 1909. Mizinga ilipolia Ras Kasone alikuwa anakaribia kutimiza miaka sita, na si mbali. Baadaye alitunga utenzi mrefu, nao ni wa vita ya pili, ya 1939 mpaka 1945. Ile iliyopigwa karibu na nyumbani kwao, utotoni mwake, hakuipa utenzi kama ule. Mzee ametafuta kwa miaka mingi utenzi wa wapagazi na hajaupata. Labda aliyeweza kuutunga alikuwa na sanduku kichwani.

Katika makaburi ya vita ya Waingereza na Wahindi, nyasi zimekatwa na mawe yamesafishwa. Majina ya waliokufa Novemba ile yamehifadhiwa, na binti aliyasoma kwa kidole, moja baada ya jingine, kwa matamshi yaliyowafanya Wakashmir na Walancashire kuwa Wabondei wote. Kule Ypres, Ubelgiji, liko lango lenye majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani, na tangu mwaka 1928 tarumbeta hupigwa hapo kila jioni. Kwa upande wetu, wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza peke yao walihesabiwa na serikali ile kuwa takriban 95,000. Mji wa Dar es Salaam umewakumbuka bila kukusudia, kwa kuwa kambi yao ndiyo iliyozaa jina la Kariakoo. Mnara wa Askari uliosimamishwa katika mji huo mwaka 1927 una maandishi yaliyotungwa na Kipling, yakiwamo ya Kiswahili, yenye kuahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya baba zao. Juu ya mnara huo hamna jina hata moja. Ilipofika mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, katika ripoti yake, kwamba watu zaidi ya 100,000, Waafrika wa Mashariki na Wamisri wakiwa wengi, hawakuandikwa popote kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wakati ule ilionekana si lazima.

Inasimuliwa pia kwamba katika mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa hai, na kwamba waliokosa vyeti walipewa ufagio waushike kama bunduki, wakaamrishwa kwa Kijerumani, na wote wakajua kuitikia. Bibi yake mzee alikuwa hai habari hiyo ilipofika Muheza. Aliuliza kama mpagazi naye atapewa kitu cha kushika.

Walimalizia katika Boma la zamani, jengo la Wadachi linaloitazama bandari, ambalo lilikarabatiwa likafanywa makumbusho ya Urithi Tanga. Kuta ni nene na ndani mna ubaridi. Kuna picha za kale: stesheni, bandari, watu wamesimama mbele ya mlango. Katika picha za namna hiyo walio katikati wana majina na walio pembeni wana mizigo, na mzee alikwenda na miwani yake akitazama pembeni tu. Alikaa kwenye picha moja muda mrefu mno hata mtunzaji akamletea kiti. Mwishowe alitikisa kichwa. Uso ulikuwa umefifia, na yeye mwenyewe hakuwahi kumwona mtu anayemtafuta.

Mlangoni palikuwa na daftari la wageni, lenye safu za tarehe, jina, utaifa na maoni. Mzee aliketi, akachukua kalamu, na katika safu ya jina akaandika, kwa mwandiko wa ubaoni, jina kamili la babu yake. Kwenye utaifa akasita.

"Mwalimu, andika tu Mtanzania," mtunzaji akamsaidia.

"Huyu aliondoka kabla ya jina hilo kuwapo."

Alifikiri, akaandika: Mbondei wa Muheza. Katika maoni akaandika neno moja, mpagazi. Binti, aliyekuwa amesimama begani kwake, akaona safu ya tarehe iko wazi, akaunyosha mkono kuijaza tarehe ya siku hiyo. Babu yake akaushika ule mkono.

"Hiyo iache."

Mtunzaji alilisoma daftari, akamtazama mzee, hakuuliza. Akasema kuwa na wao wawili ni wageni, na kila mgeni huandika. Basi binti akajaza mstari uliofuata, jina la babu yake na chini yake jina lake, tarehe 4 Novemba, kutoka Muheza, kisha wakatoka kuwahi gari kwa kuwa mawingu yalikuwa yamekwisha kufunga upande wa Usambara.